Macho Manne ya Reli ya Khatibu

Jumatatu, 3 Julai 1995
Habari kubwa! Khatibu, muuza redio na kanda hapa Bariadi, ameleta vitreni viwili vya umeme kutoka Dubai. Siku hizi ruksa, kila kitu kinaingia. Anataka vizunguke dirishani Jumamosi, akifungua duka jipya. Shida: reli ni moja, duara. Treni ya kijani ina mbio, nyekundu ni mvivu, na kijani inaigonga nyekundu kila mzunguko. Fundi atakayezuia ajali atapewa meza ya kutengenezea redio barazani. Miaka sita natengeneza redio juani! Lakini kamwita na Joakim. Joakim wa stendi, anayejiita injinia.

Jumanne, 4 Julai
Nimechungulia kazi ya Joakim. Sumaku chini ya behewa, swichi ndogo kando ya reli. Treni ikipita, swichi inakata umeme wa kipande cha reli cha nyuma. Ushamba! Mimi natumia mwanga. Macho manne kando ya reli, kivuli cha treni kikiangukia jicho, ile ya nyuma inasimama kusubiri. Macho nayapata wapi? Shemeji yangu Selestini, karani wa pamba, ana kikokotoo cha jua, chenye kile kioo kinachogeuza mwanga kuwa umeme. Nimemwambia kinahitaji kusafishwa, kanipa.

Jumatano, 5 Julai
Kioo cha kikokotoo nimekikata vipande vinne. Selestini kapita kukiulizia. Nikamwambia kinakauka.

Alhamisi, 6 Julai
Nimemnong'oneza Khatibu kwamba sumaku hufuta kanda, duka zima litabaki kimya. Kashtuka. Joakim kaambiwa apumzike. Macho yangu yamefungwa kando ya reli, treni zinaheshimiana kama wakwe. Sikulala mchana kwa furaha. Mke wangu Kwandu kauliza mbona natembea tembea ndani kama kuku anayetafuta pa kutaga.

Jumamosi, 8 Julai
Balaa.

Saa nne pazia la dirisha limefunguliwa. Mji mzima ukaja, hadi watu wa kijiji cha Sapiwi waliokuja na pamba. Salamu za Kisukuma, mwangaluka huku, mwangaluka kule, vichwa vyote vikaegemea kioo. Giza! Macho yangu yakaona treni kila mahali. Zote mbili zikasimama kama ng'ombe waliogoma.

Nikawaomba watu wasogee. Wakasogea mbele. Nikapiga kelele. Bi Sikuzani, shangazi yake Khatibu, akanikazia macho: "Fundi, tumealikwa kutazama au kufukuzwa?"

Khatibu akaninong'oneza nifanye kitu. Nikafanya. Nikaunganisha waya moja kwa moja, nikayaruka macho yote. Kijani ikachomoka, ikaikumba nyekundu, ikaruka nje ya reli hadi kwenye sinia la pilau la wageni. Watu wakashangilia, wakidhani ndivyo ilivyopangwa.

Joakim alikuwa na sumaku na swichi zake mfukoni. Akazifunga. Treni zikazunguka hadi jioni, na kanda zikapigwa bila kasoro. Meza ya barazani ni yake.

Jumapili, 9 Julai
Kwandu anasema nimwombe radhi Joakim, halafu nikamtazame Selestini usoni na kumweleza ukweli. Nimefikiri sana kanisani. Kosa si la macho. Kosa ni la vichwa vya watu, na vioo vilikuwa vidogo mno.

Baada ya misa nimemwahidi padri kengele itakayolia yenyewe jua likichomoza. Kafurahi! Kimebaki kioo kikubwa. Zahanati moja njiani wanacho juu ya paa, eti cha friji ya chanjo. Kesho naazima ngazi.