Uchochoro Wenye Vyanzo Viwili

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimemaliza ramani ya mtaa mzima! Peke yangu, jicho moja nimelifumba.

Haya, nisijidanganye kwenye daftari langu mwenyewe. Nimechora uchochoro mmoja. Ule unaopita kati ya ukuta wangu na wa jirani. Na umetokea katikati ya bahari, maana zile namba mbili zinazoonyesha mahali kwenye ramani nilizigeuza, ya kwanza nikaiweka ya pili. Samaki sasa wana njia ya mkato.

Somo lenyewe lina jina refu kuliko treni ya mizigo: mifumo ya taarifa za kijiografia. Mimi naliita ramani za kompyuta. Tunasomea mtandaoni. Mwalimu wetu ni binti anayeniita Babu kwa adabu zote, kisha ananikata alama bila huruma. Kazi ya mwisho: ramani ya mtaa wako, na kila jina lililomo liwe na vyanzo viwili. Nani kasema? Lini? Kajuaje?

Mke wangu naye katoa tangazo lake. Nikifeli safari hii, kompyuta itoke mezani, cherehani yake irudi dirishani. Meza ile ina mwanga, ina upepo, na inaonyesha kila apitaye. Siitoi!

Jumanne, 4 Machi

Jirani naye kajiandikisha somo hilo hilo! Mwalimu mstaafu. Tunamwita Nukta, maana hata ukimsalimia anakusahihisha. Kasema uchochoro wetu atauandika Njia ya Mwalimu. Nikamuuliza jina hilo kalitoa wapi. Kasema kwenye historia. Nikamwambia historia gani, wewe umehamia juzi, hata paka wa hapa hawajakuzoea. Kacheka kwa pua.

Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Ngoja!

Ipo ramani moja ya bure mtandaoni, mtu yeyote anaruhusiwa kuijazia. Mtu yeyote! Basi na mimi ni mtu. Nimeingia kwa jina la Jicho la Mwewe, nikaandika: Njia ya Mzee Hodari. Mzee Hodari ni nani? Ni mimi. Tangu asubuhi.

Sasa kwenye kazi yangu nasema chanzo changu ni ile ramani. Nimeandika, nimejisoma, nimejinukuu. Duara safi kama sufuria.

Alhamisi, 6 Machi

Chanzo cha pili nimekifuata kwa kinyozi wa hapo mdomoni mwa uchochoro, mbele ya dirisha langu. Huyu hawezi kunikatalia. Majuzi nilimwazima kichwa changu ajifunzie mtindo mpya, nikatembea mtaani kama jogoo aliyenyeshewa. Tulipoalikwa harusini, mke wangu alikaa meza nyingine.

Nikamwambia aandike kwenye ubao wake wa nje: Kinyozi, Njia ya Mzee Hodari. Akauliza Mzee Hodari ndiye nani. Nikamwambia wewe andika, mtafahamiana mbele ya safari. Kaandika kwa rangi nyekundu. Nimepiga picha. Vyanzo viwili!

Nukta kapita, kasoma, kasimama. Kauliza jina hilo lipo tangu lini. Kinyozi, Mungu amzidishie, kamjibu eti tangu enzi za mababu. Nimeyaona yote kutoka dirishani. Sasa meza kama hii mtu anaitoaje?

Jumamosi, 8 Machi

Maajabu! Mpeleka mizigo wa pikipiki kaleta vitambaa vya mke wangu, kamuuliza hii ndiyo Njia ya Mzee Hodari. Simu yake imemwelekeza! Mke wangu kasema hapajui. Yule akamwambia, mama, mbona unaishi hapo.

Hata mimi nimeanza kuamini. Jina zuri namna hii haliwezi kuwa la juzi.

Nimetuma kazi. Nukta katuma yake, uchochoro kauacha bila jina. Eti hakupata ushahidi wa kutosha. Mwoga!

Jumatatu, 10 Machi

Imerudi! Binti kafuata nyayo za jina langu. Kumbe ramani ile hutunza kumbukumbu ya kila aliyeigusa. Jina kaliingiza Jicho la Mwewe, Jumanne. Na mimi darasani nimejisajili kwa jina gani? Jicho la Mwewe.

Kauliza tena kama rangi ya kinyozi imekauka, maana kwenye picha bado inachuruzika. Kasema, Babu, hivi si vyanzo viwili, ni mdomo mmoja na mwangwi wake. Ana maneno huyu!

Kanipa nafasi moja tu. Nieleze kwa ukweli jina limetoka wapi na limesafiri vipi. Nikishindwa, nimefeli. Mke wangu kasikia. Kaanza kuitia mafuta cherehani.

Nimeandika yote. Nifiche nini? Mpango mtamu kama ule kumkosesha msomaji ni dhambi. Mwewe, ubao, rangi, pikipiki, nani kasema baada ya nani. Nimechora na mishale.

Jumatano, 12 Machi

NIMEFAULU! Alama za juu kuliko zote! Binti kasema hajapata kuona mwanafunzi aliyefuatilia uongo toka kinywani hadi barabarani kwa ufasaha hivyo. Kila darasa lijalo ataonyesha kazi yangu iwe mfano. Mfano!

Nukta kaninyooshea shingo juu ya ukuta, kanifafanulia kuwa upo mfano wa kuigwa na upo wa kuepukwa. Nikamwambia yeye hayumo hata kwenye huo wa kuepukwa. Kisha, kwa sauti ya chini, kaniomba nimwonyeshe ile mishale nilichoraje.

Mke wangu karudisha mafuta kabatini. Kasema kwa mtu mwongo, ukweli nimeusema vizuri sana. Meza yangu!

Kasoro ni moja. Binti kalifuta jina kwenye ramani. Leo mpeleka mizigo kapotea, kazunguka mtaa hadi mbwa wakachoka kumbwekea. Watu wanateseka! Funzo nimelipata: Jicho la Mwewe lilikuwa moja. Yalitakiwa mawili.

Kinyozi, najua huwa unalichungulia daftari hili nikisinzia kwenye kiti chako. Unakikumbuka kichwa cha jogoo? Basi fungua simu, ingia kwenye ramani kwa jina lako mwenyewe, uniandikie tena Njia ya Mzee Hodari. Tena zile namba mbili, tafadhali, usizigeuze.