Namba Saba na Chai ya Moto

Jumatatu, 3 Machi
Daktari kasema nipange mambo yangu mapema. Wenzangu hupanga wosia. Mimi nina Namba Saba.
Niungame. Ujanani nilikuwa mtunza mwani wa maji baridi, vijimea vidogo mno vinavyoogelea, pale chuoni. Kazi yenyewe: kila mwezi kuhamishia tone la mwani hai kwenye kichupa chenye chakula kipya. Namba Saba, mwani wa kichupa cha saba, nilimsahau dirishani, juani, nikaenda kuchumbia. Akafa, mweupe kama pamba. Nikachota ukijani wa tangi la maji la nyuma ya nyumba yetu, nikaubandika jina la marehemu. Mke nilipata. Usingizi, wapi!

Jumanne, 4 Machi
Balaa! Mjukuu wangu, ambaye ndiye mtunzaji wa sasa, kasema Ijumaa anakuja mtaalamu kumtazama Namba Saba akiogelea chini ya darubini. Akimpenda, binti anaajiriwa moja kwa moja. Akaniita mume wake mkongwe, akataka nimwombee. Nimeomba nife Alhamisi.

Jumatano, 5 Machi
Nimewaza upya. Kwa nini nife mimi? Afe yeye Namba Saba! Maiti haiogelei, kwa hiyo haiumbui mtu.
Nimejikongoja hadi chuoni na chupa ya chai. Mlinzi akanipa shikamoo, akanibebea silaha hadi mlangoni. Mjukuu alipotoka kunitafutia kiti, nikammiminia Namba Saba chai ya moto. Na kichupa chake cha akiba pia. Sipendi kazi nusunusu.

Alhamisi, 6 Machi
Nimelala kama mtoto. Asubuhi akaja Mzee Pipeti, mshindani wangu tangu enzi za maabara. Kwa raha niliyokuwa nayo, nikamsimulia habari za tangi. Akacheka hadi meno ya bandia yakachomoka. Kumbe alijua! Wiki ileile alimwaga uchafu wangu, akarudisha Namba Saba halisi kutoka kwenye kichupa chake mwenyewe. Akanyamaza ili anione nikihangaika. Eti maisha yangu yote nimetunza mali halali kwa roho ya mwizi.
Nikamuuliza kama kichupa chake bado kipo. Akasema alikwishakitupa, kwani vipi? Nikasema naulizia tu.

Ijumaa, 7 Machi
Mjukuu kapiga simu akilia. Namba Saba kafa, wa akiba kafa, na chumba kizima kinanukia tangawizi. Mtaalamu yuko njiani.
Nimemwambia anyamaze, mumewe bado yupo hai.
Tangi letu la nyuma lina ukijani wa kupendeza kweli. Nani atajua? Kijiko ninacho. Mkongojo uko wapi?