Kamera Mlangoni kwa Mshonaji

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Usalama ya Mtaa.

Ndugu Mwenyekiti,

KUHUSU: KAMERA YA MTAA IONDOLEWE, AMA IFUNGWE NYINGINE SEBULENI KWAKO

Pokea salamu zangu, na tafadhali uisome barua hii ukiwa umeketi. Nakuandikia kama mwanamtaa, siyo kama shemeji yako. Najua umemwoa dada yangu, najua Jumapili tutakula meza moja, na hapo nitakuchekea kama kawaida. Lakini leo si Jumapili, na nimekasirika.

Wewe unanifahamu. Ni mimi niliyekataa kuipa simu alama ya kidole changu, nikasema simu nimeinunua lakini kidole sijakiuza. Ni mimi ninayesoma masharti ya matumizi mpaka ukurasa wa mwisho kabla ya kubonyeza "Nakubali", na kwa sababu hiyo mpaka leo sijakubali chochote, na simu yangu haina kitu ila saa na tochi. Nimesoma vitabu vinene kuhusu makampuni yanayochuuza siri za watu, nimeandika magazetini, nimegombana na wahariri. Siku zote niliamini adui wa faragha yetu anakaa mbali, kwenye majengo ya vioo, na anajua kompyuta. Kumbe ni wewe, na hata kuwasha projekta ya mkutano huwa unamwita mkeo.

Jambo lenyewe ni hili. Mdogo wangu wa mwisho, fundi bomba, ambaye ni shemeji yako pia, anataka kumwambia mshonaji wa nyumba yenye mlango wa buluu kwamba anampenda. Mshonaji anahama mwisho wa mwezi huu, anakwenda kuishi na dada yake mji mwingine, na hatarudi. Kila jioni mdogo wangu anaoga, anavaa shati lililopigwa pasi, anakwenda mpaka mlangoni pale, anainua mkono abishe hodi, halafu anakumbuka kwamba mtaa mzima unamtazama. Anaushusha mkono, anajikuna shingo kana kwamba ndicho alichokuja kufanya, anarudi nyumbani. Siku zinakwisha. Nimemwambia, "Bisha, mwanaume!" Akanijibu, "Kaka, wewe ungeweza kumtongoza mkeo mbele ya uwanja uliojaa mashabiki?" Ndipo nikachukua kalamu.

Malalamiko yangu nayaweka kwa namba ili usiruke hata moja.

1. Kamera inatazama kusikohusika. Tuliinunua ili imnase anayemwaga taka kwenye kona. Fundi umeme alipokuja akakuta nguzo yenye umeme wa uhakika ni moja tu, akaifunga hapo hapo na kwenda zake. Kutoka kwenye nguzo hiyo kona ya taka haionekani. Kinachoonekana ni mlango wa mshonaji, dirisha lake, na kipande cha barabara. Taka zinaendelea kumwagwa nje kidogo ya picha, tena kwa nidhamu kuliko zamani, maana sasa wamwagaji wanajua hasa picha inaishia wapi.

2. Skrini iko kwa kinyozi. Ulisema ni kwa muda tu, kwa kuwa ofisi ya kamati haina soketi nzima. Basi kinyozi amevigeuza viti vyake: wateja wanaikabili skrini na kuvipa vioo kisogo. Mtu ananyolewa bila kujiona, na kinyozi ananyoa bila kumtazama. Mwalimu mkuu alitoka pale na ndevu upande mmoja. Alipoulizwa akasema hakugundua, kwa sababu paka alikuwa anavuka barabara. Paka, Ndugu Mwenyekiti! Mtu mwenye shahada!

3. Usalama wa mfumo wenyewe. Nywila ya kamera ni jina la mtaa likifuatiwa na moja, mbili, tatu. Imeandikwa kwa chaki ukutani, chini ya bei za kunyoa watoto, ili atakayeisahau asisumbuke. Nilipolalamika, katibu wako akanituliza: "Usijali mzee, tumeongeza alama ya mshangao mwishoni." Akaenda akaiandika na yenyewe ukutani.

4. Ridhaa. Unadai tuliridhia. Tulibandikiwa tangazo kwenye kioo cha kinyozi, ambacho sasa hakitazamwi na mtu, likisema kwamba kila apitaye barabarani amekubali kurekodiwa. Mimi nisiyekubali nipite wapi, juu ya mapaa? Hata yale makampuni ninayoyapiga vita huniwekea kitufe cha "Hapana". Hakifanyi kazi, lakini wanakiweka. Wana adabu kukushinda.

5. Utangazaji. Hapa naomba uvute pumzi. Kila jioni mabenchi kwa kinyozi yanajaa watu ambao vichwa vyao havina hata unywele wa kukata. Muuza magazeti yupo, dereva wa lori la mchanga yupo, mama mwenye duka la dawa anafunga mapema ili apate kiti. Mdogo wangu akitokea tu, kinyozi anazima mashine na kuanza:

"Huyoo, fundi wetu! Leo kapaka mafuta, anang'aa mpaka huku. Anasogea... anasogea... mkono juu!"

"Atabisha leo," anasema dereva.

"Thubutu!" anadakia kinyozi. "Huyo bomba linampasukia usoni hakimbii, lakini huo mlango mbao tupu unamtoa jasho."

"Mwacheni kijana wa watu," anasema mama wa duka la dawa. "Bisha mwanangu, bisha!"

"Ameshusha! Jamani ameshusha! Shingo hiyo, anaikuna! Ataimaliza hiyo shingo!"

Halafu kicheko. Na kesho yake mdogo wangu akienda kuziba bomba la mtu, mwenye nyumba anamshauri jioni mlangoni asimame kidogo kulia, ili uso wake uonekane vizuri. Nakuuliza, sheria ipi ya ulinzi wa taarifa binafsi inaruhusu hili? Moyo wa mtu si taarifa binafsi? Kama siyo, ni taarifa ya nani, ya kinyozi?

6. Akili bandia. Kabla hatujapona hayo, kamati ikaleta programu mpya ya majaribio, inayotambua "mienendo ya mashaka". Siku ya kwanza iliwatazama watu wote wa mtaa huu, pamoja na wale wawili ambao mimi na wewe tunawajua, ikawapitisha. Ilipomwona mdogo wangu anakaribia mlango, anasita, anatazama kushoto na kulia, anaondoka haraka na kurudi jioni inayofuata, ikapiga king'ora na kuandika kwa herufi nyekundu: MHALIFU ANAYECHUNGUZA MLENGWA. Mlinzi wa mtaa akamkamata mkono. "Unatafuta nini hapa kila siku?" Mdogo wangu, badala ya kusema ukweli, akasema anakagua mita ya maji. Mita ya maji iko nyuma ya nyumba. Sasa ana jalada kwenye kamati yako. Mtambo umesomeshwa sura za wezi wa dunia nzima, lakini haukuoneshwa hata mtu mmoja anayependa na anaogopa. Huo ndio ujinga tulioununua na kuuita akili.

7. Ile hoja yako ya mkutanoni. Ulisimama ukasema, "Mtu safi hana cha kuficha," na watu wakapiga makofi. Mimi sikupiga. Nilikuwa natafakari mlango wa bafu lako. Dada anasema huwa unaufunga kwa ufunguo na kuimba ili tusisikie kingine chochote. Je, wewe si mtu safi? Kule si ndiko unakokwenda kuutafuta huo usafi wenyewe?

8. Pendekezo la Jumamosi. Nimesikia mkutano utapiga kura ili picha za kamera zirushwe moja kwa moja kwenye simu ya kila mwanamtaa. Maana yake mama yetu, aliyelala kitandani na mguu wake mbovu, atamtazama mwanawe akishindwa kubisha mlango kila jioni. Yeye hatakaa kimya kama wewe. Atampigia simu pale pale akiwa ameinua mkono: "Wewe, bisha basi, nataka kulala!" Ukifika hapo, mdogo wangu atahama nchi, na mabomba ya mtaa mtayaziba kwa hotuba.

Kwa sababu hizo nadai yafuatayo. Kwanza, kamera ishushwe kabla mshonaji hajaondoka, ili mtu mzima apate kubisha mlango mmoja duniani akiwa peke yake. Ikishindikana, kinyozi asajiliwe kama chombo cha habari na abanwe na maadili ya uandishi, ikiwa ni pamoja na kusikiliza upande wa pili, yaani shingo. Ikishindikana pia, naomba usawa: kamera kama hiyo ifungwe sebuleni kwako, skrini yake ipelekwe sokoni, na programu ile ya akili bandia ikutazame unapomwambia dada yangu ulikuwa kwenye kikao. Tuone itaandika nini kwa herufi nyekundu. Na kama hata hilo ni gumu kwako, basi kila mwanamtaa aruhusiwe kupita mbele ya nguzo ile akiwa ndani ya pipa. Nimeshawaza: pipa litobolewe matundu mawili ya macho, na mapipa yote yapakwe rangi moja ili programu isijue nani ni nani. Utasema ni kichekesho. Mimi nasema kichekesho ni mtaa wa watu wazima kukubali kutazamwa bure halafu kujiita salama.

Sitishi mtu. Nasema tu kwamba usipojibu nitaandika kwa gazeti, na usipojibu tena nitakuja kusoma barua hii yote kwa sauti mezani, kabla ya chakula.

Nisalimie dada, mwambie asikupe maelezo yoyote ya namna ya kunijibu. Nisalimie wapwa zangu, hasa yule anayechezea simu wakati wa kula. Msalimie katibu wako na alama yake ya mshangao. Msalimie mlinzi, kinyongo sina naye, aliutumikia mtambo tu.

Wako katika kuitetea faragha mpaka pumzi ya mwisho,

Shemeji yako, mkazi wa nyumba ya kona.

NYONGEZA: Nilikuwa nimeshaifunga bahasha. Naifungua haraka, na uniwie radhi kwa mwandiko, kwa sababu hapa kwenye benchi la kinyozi, ambako nimekuwa nikikaa kila jioni kwa ajili ya utafiti tu, watu wananisukuma. Mdogo wangu ametokea kwenye skrini kama kawaida na kuinua mkono. Wakati huo huo mshonaji mwenyewe akaingia hapa dukani, amekuja kurudisha maaproni ya kinyozi aliyokuwa ameyashona. Akaiona skrini. "Huyu anafanya nini mlangoni kwangu?" Kinyozi, kwa mara ya kwanza tangu skrini ije, akakitazama kichwa alichokuwa anakinyoa. Dereva akasema kwa sauti ndogo, "Huja kila jioni, dada." Mshonaji akatutazama mmoja mmoja. "Kila jioni? Na ninyi mmekaa tu mnatazama?" Akanitupia maaproni mapajani, akatoka mbio. Tukamwona anaingia kwenye picha. Wameongea. Amecheka, tena akiwa ameshika mlango asianguke. Mdogo wangu naye akacheka. Mama wa duka la dawa analia. Halafu mshonaji akainyooshea kidole kamera, na yule mshenzi, mdogo wangu wa damu, akapanda nguzo, akavua kofia yake na kuivisha kamera! Skrini nyeusi tii! Ndugu Mwenyekiti, huu ni uharibifu wa mali ya umma, na unafanyika sasa hivi. Mtaa mzima umeachwa gizani, hatujui mwanamke amejibu nini. Tuma mtu mwenye ngazi haraka. Kamera ibaki, programu ibaki, na kwenye kura ya Jumamosi hesabu mkono wangu. Na kama kuna akiba yoyote kwenye mfuko wa kamati, inunuliwe kamera ya pili, na hiyo iwe na sauti.