Darasa la Juisi ya Kijani Nyalukemba

Parfait alinusa biashara siku aliposikia kina maman wa Nyalukemba, mtaa wa Bukavu, baada ya misa, wakilalamikia matumbo yao. Wote walitaka kukonda bila kupunguza fufu. Mtu mwenye roho nzuri angewahurumia. Parfait alikwenda kuazima mixeur ya mama mkwe wake.

Ilikuwa mashine mpya ya kusagia juisi, ya kuchajiwa kama simu. Mama mkwe aliitoa kwa shingo upande.

"Irudi kesho. Isiporudi, mutoto wangu naye anarudi kwangu."

Darasa lilifanyika kwa Maman Eulalie, mchana, saa ambayo mtaa mzima unajua umeme hukatwa. Kila maman aliagizwa aje na mixeur yake. Walikuja nazo, zimefutwa vumbi, zinang'aa.

Parfait alitia majani mabichi ya lenga-lenga, ndizi, avoka, ndimu na tangawizi. Akabonyeza. Ikanguruma. Wakanywa, kisha wakajishika viuno kuona kama vimeshaanza kupungua.

"Na zetu?" akauliza Maman Mélanie.

"Courant haiko, maman. Lakini fundi wangu wa Nyawera anaweka betri ndani. Kwa nyinyi, bure. Nizibebe zote leo."

Alijiandaa kwa maswali. Hakuna aliyeuliza. Mixeur ziliingia guniani kwa kasi ambayo kanisani, wakati wa sadaka, haijawahi kuonekana.

"Ila yako ibaki hapa, Papa Parfait," akasema Eulalie. "Tusikae bila juisi."

Moja kwa gunia zima! Akiliuza, atamnunulia mama mkwe nyingine na pesa ya bia itabaki. Akaiacha.

Jioni umeme uliporudi, kule Nyawera, Hadji Amisi, mnunuzi wa vyombo vilivyotumika, alichomeka ya kwanza. Kimya. Ya pili ikatoa moshi. Ya tatu haikuwa na mota; ndani mlijaa vifungo vya nguo.

"Ndugu, umeniletea maiti. Peleka makaburini."

Umeme wa Bukavu ulikuwa umeziunguza zamani. Wenyewe walizitunza kabatini zionwe na wageni, na saa isiyo na umeme, nani angewaumbua?

Kesho yake Parfait alisimama mlangoni kwa Eulalie, gunia mgongoni. Ndani, mixeur ya mama mkwe ilikuwa inanguruma.

"Maman, nipe yangu! Zenu zote zimekufa!"

Eulalie alifuta mdomo wa kijani.

"Zimekufa? Tulikupa zikiwa nzima."

"Nzima kabisa!" wakaitikia wenzake.

"Fundi wako azitengeneze, ndipo uchukue yako. Na ukipita sokoni, Papa, lenga-lenga imetuishia."