Kibanda cha Mfano cha Cedar Knoll

Wakazi wote wa mtaa wa Cedar Knoll, jimboni Wisconsin, walitangaziwa kwamba kuanzia Jumatatu kindi wamepigwa marufuku kula chakula cha ndege. Kindi wenyewe walipewa notisi ya siku kumi na nne, ikabandikwa chini kabisa ya mashina ya miti ili pasiwepo wa kusema hakuiona. Hakuna aliyekata rufaa.

Orville Stenerud, mwenyekiti wa Kamati ya Wenye Nyumba, alikuwa mtu wa haki. Adhabu hakumpa kindi, kwa kuwa kindi hana anwani. Kindi akionekana kwenye kibanda chako cha kulishia ndege, kibanda kinang'olewa na kukabidhiwa kamati. Na kuwazuia kindi haikuwa kazi ngumu, kwani uani kwa mwenyekiti kilisimama Kibanda cha Mfano, kimejaa alizeti, na mwezi mzima hakuna kindi aliyekigusa. Wajumbe walikwenda kukitazama kwa zamu, wakarudi wameduwaa.

Wa kwanza kunaswa alikuwa Bi Lorna Gustafson. Kibanda chake alikichonga marehemu mumewe, Vern, kwa mbao za zizi la baba yake. Bi Lorna aliipaka nguzo ya kibanda mafuta ya kupikia. Kindi wakateleza siku mbili, siku ya tatu wakakirukia kutoka kwenye kamba ya nguo. Akaamriwa kukikabidhi Jumamosi.

Jumamosi asubuhi akakikumbatia, akaenda nacho kwa mwenyekiti analia njia nzima, wala hakujificha. Darlene, katibu wa kamati, alimsindikiza na fomu. Walipobisha bila kujibiwa, wakazunguka nyuma ya gereji.

Mwenyekiti alikuwa huko, na joho la kulalia na kandambili, anawamiminia kindi karanga kwa kikombe.

"Polepole, jamani. Wewe mkia mfupi ushachukua, pisha wenzako. Na kule kwenye kibanda hamkanyagi, si tumeelewana?"

Darlene akakohoa.

"Mmenikuta kikaoni," mwenyekiti alisema bila kushtuka. "Hawa ni wadau."

"Na karanga?" Bi Lorna akauliza.

"Posho ya kikao."

"Hiyo ni hongo, Orville."

"Lugha kali hiyo, mama. Tuseme uwezeshaji."

Wadau hawakupenda majadiliano marefu. Posho ilipochelewa dakika moja, watano wakazunguka gereji, wakaparamia Kibanda cha Mfano, wakaanza kutafuna alizeti.

Darlene akafuta jina moja kwenye fomu, akaandika jingine.

"Kindi watano. Shahidi, mimi. Sahihi yako hapa, mwenyekiti."

"Lakini hao si kindi wa mitaani, Darlene. Wako kazini."

"Fomu haina sehemu ya kazi."

"Na kibanda cha Lorna je?"

"Fomu ilikuwa moja tu. Ulisema mwenyewe tusichapishe nyingi."

Mwenyekiti akatia sahihi, maana alikuwa mtu wa haki. Bi Lorna akajifuta machozi, akaweka kibanda cha Vern chini, akamsaidia Darlene kung'oa kile cha mfano. Ilikuwa nguzo nzuri, na ilitoka kwa kuvutwa mara moja.

Wakaondoka na vibanda vyote viwili. Mwenyekiti akabaki na kikombe kitupu, amezungukwa na kindi tisa waliokuwa bado hawajalipwa.