Landrova Yangu na Muhuri wa Kijiji

Jumatatu, 6 Juni 1977

Landrova imewaka! Kwa dakika moja tu, lakini imewaka. Miaka miwili tangu niichukue kwenye misheni kule Matai, kuku wakiwa wametaga juu ya injini, na leo imenguruma mpaka mbuzi wa jirani wamekata kamba. Redieta ilikuwa inavuja. Fundi Theodory akasema tutie unga wa ulezi, utaziba. Umeziba! Ua mzima unanukia uji. Mke wangu, Atuganile, hakunipongeza. Aliuliza unga umetoka wapi. Nikamjibu kuwa mtu anayefufua gari haulizwi habari za unga. Jioni nimepewa viazi vikavu.

Kumebaki matairi tu. Gari liko juu ya mawe. Siku ya Saba Saba lazima nipite nalo mbele ya jukwaa, Andwele aone. Huyu ni karani mwenzangu, tumetoka wote Mbeya. Anatembelea pikipiki ya serikali na Landrova yangu anaiita banda. Banda!

Jumatano, 8 Juni

Ofisi ya vibali wamenikatalia. Matairi yapo, nimeyaona kwa macho yangu, lakini ni ya vijiji vya ujamaa. Mtu binafsi asubiri. Nikauliza, kwani mtu binafsi si mwananchi? Mama wa dirishani akasema, ndugu, pisha wenzako. Andwele alikuwa nyuma yangu kwenye foleni. Alikohoa kikohozi cha kucheka.

Alhamisi, 9 Juni

Nimepata dawa. Kama matairi ni ya vijiji, basi Landrova ni ya kijiji. Kwenye karatasi tu! Barua nimeipiga chapa mwenyewe ofisini, saa ya chai: gari la Kijiji cha Umoja, lililofufuliwa kwa nguvu za wanakijiji, litapeleka wagonjwa na wajawazito hospitali. Nilipoisoma tena machozi yalinilenga.

Nikapanda baiskeli hadi kwa Mzee Kalisti, mwenyekiti wa kijiji hicho, hapo nje ya mji. Nikampa shikamoo mbili. Nikamwambia hii ni barua ya maendeleo. Akavaa miwani, akasoma polepole, akanitazama, akagonga muhuri. Akaomba nakala. Nikampa. Mzee wa watu, nakala ataifanyia nini? Atasokotea tumbaku.

Atuganile kasema mchimba kisima huingia mwenyewe. Kisima gani? Mimi natafuta matairi.

Jumanne, 28 Juni

Matairi! Manne! Mapya! Nimeendesha hadi sokoni na kurudi. Andwele alisimama kando ya barabara, mdomo wazi. Sijawahi kuona mdomo mzuri kama ule.

Jumamosi, 2 Julai

Wamekuja! Mzee Kalisti, kamati nzima, akina mama wakiimba, na jozi ya ng'ombe wa kukokota ikiwa gari litagoma. Wamekuja kuchukua gari lao. Lao! Mzee akanishukuru kwa kulitunza. Nikasema, mzee, pana kasoro ndogo hapa. Akatoa nakala, akavaa miwani, akasoma barua yangu mbele ya watu, neno kwa neno. Alipofika kwa wajawazito, vigelegele.

Andwele alikuwa "anapita tu". Mwongo, alikuja makusudi! Akauliza kwa sauti kama inawezekana karani akaidanganya serikali ili apate matairi. Wote wakanigeukia. Nikisema gari ni langu, basi nimeiba matairi ya vijiji. Nikatoa ufunguo.

Mzee akanivuta pembeni. "Mwanangu, mimi nimekuwa karani wa misheni miaka ishirini. Barua naijua." Sasa kwa nini hakusema siku ile? Huo ndio uungwana? Na Atuganile, mke wangu wa ndoa, alipiga vigelegele kuliko wote.

Alhamisi, 7 Julai

Saba Saba. Landrova imepita mbele ya jukwaa na bendera, Theodory kwenye usukani. Fundi wangu! Kwenye kiti cha mbele, kiti nilichokishona kwa mikono yangu, amekaa mama mjamzito anaitwa Epifania, anapungia watu mkono. Mbele ya jukwaa penyewe gari likazima. Mzee Kalisti akaita, anayelijua gari hili ajitokeze. Watu wakaniangalia. Nikasukuma, na suti yangu ya Kaunda. Likawaka, likaniachia moshi na vumbi lote la Ufipa. Nilianguka magoti. Watu wakapiga makofi. Nikainamisha kichwa kidogo, maana makofi yale yalikuwa haki yangu.

Jumatatu, 11 Julai

Epifania kajifungua salama hospitalini. Gari lilimfikisha. Nilifurahi, naandika hapa kwa kuwa hakuna atakayesoma. Kisha nikasikia mtoto ameitwa Theodory. Theodory! Mwenye gari ni nani?

Basi. Nimeona lori bovu nyuma ya ghala, halina injini. Injini zipo, lakini ni kwa vikundi vilivyosajiliwa. Nimeshaandika barua: lori la kwaya ya kanisani kwetu, la kupeleka nyimbo za kujitegemea vijijini. Safari hii nimetumia akili, sikwenda kwa mtu baki. Mwenyekiti wa kwaya ni Atuganile. Amesaini pale pale, tena kwa tabasamu ambalo sijaliona tangu tuoane. Nadhani ameanza kuniamini.