Waliokuja Baada ya 1998 Warudishwe

Malvern, Johannesburg
Agosti 2019

Mzee Elisée, Mwenyekiti wa Ushirika wetu wa Wakongomani,

Nakuandikia kwa heshima zote, mimi Octave, fundi cherehani wa barabara ya Jules, niliyeingia nchi hii tarehe 29 Desemba 1998 na kwa hiyo ni mwenyeji. Nashtaki wageni.

1. Thérèse, aliyefika juzi tu kutoka Bukavu, ameweka cherehani mlango wa tatu kutoka kwangu. Gauni analipokea asubuhi, jioni limekwisha. Sasa wateja wananiuliza kwa nini mimi hukaa nalo wiki tatu. Huu ni wizi wa kazi, tena wa mchana.

2. Wanalala saba chumba kimoja. Sisi tulipofika Turffontein tulilala tisa, lakini kwa adabu.

3. Hili ndilo kubwa. Jumamosi Mwalimu Levi, yule Mkenya wa chuo kikuu, alitufundisha historia ya Amerika katika ukumbi wa kanisa. Alisema Waairishi, watu wa Ayalandi, walipofika kule wakikimbia ufukara, waliowatangulia waliwaita wachafu na walevi, na makanisa yao mengine yakachomwa moto. Baadaye Waairishi hao hao wakawa mstari wa mbele kule California, wakidai Wachina waondoke. Mwaka 1882 ikapitishwa sheria ya kuwazuia vibarua wa Kichina. Mwalimu alisimulia kwa huzuni. Mimi nilipiga makofi, peke yangu. Mama Benita aliponiuliza nashangilia nini, nilimweleza kwamba hatimaye nimeiona njia: mgeni huwa mwenyeji siku anapompata wa kumfukuza.

Kwa hiyo naomba Ushirika uiandikie serikali kwamba waliokuja baada ya 1998 warudishwe. Wa Januari 1999 wasihurumiwe. Nani aliwakataza kuharakisha?

Msalimie Mama Léocadie, wanakwaya wote, na ndugu zetu wa Diepsloot, isipokuwa walioingia karibuni.

Wako katika uenyeji,
Octave

Nyongeza: Jana nilikuwa njiani kukuletea barua hii, nimeitia mfukoni, kundi la watu wenye marungu likashuka barabara ya Jules likivunja maduka. Niliwanyooshea karatasi yangu ya kuingia nchini ya 1998. Aliyeipokea aliichana bila kuisoma, akaniambia kwa Kizulu nirudi kwetu. Thérèse alifungua geti lake akanivuta mkono. “Ingia, papa Octave, lala chini.” Tulilala chini ya meza yake ya kukatia nguo, pamoja na wanawe, mpaka kelele zikaisha. Cherehani yangu imekwenda. Leo amenipisha kwenye yake.

Usiisome kikaoni, Mzee. Naituma ili awepo mtu mmoja anayejua nilikuwa na nini mfukoni Thérèse alipokuwa akinifungulia.